Harrier inagonga mbele: upige presi bushi, ununue ami mpya, au uchukue ya mtumba?

Shemeji yangu anakaa Isamilo, hapa Mwanza, juu kule kwenye barabara ya mawe, ambako gari lenye siri haliwezi kuificha. Toyota Harrier yake, kizazi cha 2, ilikuwa inagonga mbele upande wa kushoto. Ndani ya wiki moja akapita gereji mbili. Ya kwanza walimwambia, "Mama, mbele kumechoka kote. Tukufungie za mtumba kutoka Japani, shokapu na springi zake pamoja na ami, umalize kazi." (Ami ni ule mkono wa chuma wa chini unaoliunganisha gurudumu na gari.) Ya pili wakamwandikia karatasi: ami mbili mpya, shokapu mbili mpya, linki mbili, alaimenti (kunyoosha magurudumu). Karatasi hiyo ilizidi bei ya kwanza zaidi ya mara mbili. Jioni akanipigia.

"Shem, wewe ungechukua ipi?"

"Walikuonyesha kinachogonga?"

"Walitikisa gari, wakaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia."

Kwa hiyo alikuwa anabishania bei ya dawa na hajapimwa. Nilimwambia aje Jumamosi asubuhi na gari likiwa tupu: atoe jeki, dumu la maji na viatu vya watoto vilivyojazana nyuma. Nimewahi kumwona mtu analipia shokapu kwa ajili ya spana ya magurudumu iliyochomoka kwenye kibano chake.

Milio inayochanganywa

Hapa kwetu kila mlio wa mbele unaitwa "shokapu imekufa". Kwa niliyoyaona, kinachogonga mara nyingi zaidi ni linki ya stabilaiza: ile fimbo fupi ya chuma yenye kigololi kila ncha, inayounganisha nondo ya stabilaiza (inayozuia gari lisilale kwenye kona) na shokapu. Ikilegea, mlio wake ni mdogo na wa haraka, ko-ko-ko-ko, gari likiwa mwendo wa pole juu ya mawe au vishimo, hasa pale tairi la kushoto linapopanda huku la kulia linashuka. Ukivuka tuta pana ambalo matairi yote mawili ya mbele yanapanda kwa pamoja, linki hunyamaza, kwa sababu stabilaiza haikupindwa. Shokapu iliyochoka ni kinyume chake. Tuta hilohilo ndilo linaloiumbua: gari linashuka "gu!" kisha linaendelea kunesa kama mtumbwi uliopitwa na boti.

Ukiwa na shaka kati ya hizo mbili, kipimo ni rahisi. Fungua linki zote mbili, kulia na kushoto, zifunge pembeni zisining'inie, kisha pita polepole palepale panapogonga. Mlio ukipotea, umempata mwizi. Nenda taratibu tu, maana bila linki gari hulala sana kwenye kona. Na usiipime linki kwa kuitikisa huku tairi moja limejekiwa. Nondo ikijipinda huibana linki, inaonekana nzima. Itikise gari likiwa limesimama kwa matairi yote manne, juu ya shimo la gereji.

Kuna mlio mwingine unaofanana kabisa na wa linki, nao hauhusiani na linki wala shokapu: brekipedi zinazocheza ndani ya kalipa, au pini za kalipa zilizolika. Pita kwenye mawe, gusa breki kidogo tu bila kusimamisha gari. Mlio ukikata palepale, nenda kwa fundi wa breki. Ni kipimo cha bure, na sijui kwa nini gereji nyingi hazikifanyi.

Halafu kuna bushi, ule mpira wenye bomba la chuma katikati unaoishikilia ami kwenye gari; hasa ile kubwa ya nyuma ya ami ya chini. Hiyo haina ko-ko-ko. Ina pigo moja zito unapokanyaga breki, na pengine jingine unapoondoka. Usukani unakuwa mzururaji, unashika barabara ya Airport umenyooka lakini mikono inafanya kazi muda wote, na tairi linaliwa upande wa ndani. Maunti ya injini (mpira unaoishikilia) iliyokatika nayo hutoa pigo kama hilo, ila yenyewe utaisikia hata gari limesimama, mguu uko kwenye breki, unatoa gia kutoka R kwenda D. Mwambie mtu afungue boneti aangalie injini inavyoruka.

Boljointi, kile kigololi kinachounganisha ncha ya ami na gurudumu, ndiyo ya kuogopa. Hugonga kwenye mashimo na kwenye kona, na mara nyingine hulia kama bawaba ya mlango unapozungusha usukani gari likiwa limesimama. Ikichomoka, tairi linajikunja chini ya bodi, na hapo usukani ni pambo. Jeki gari, weka stendi, shika tairi juu na chini, saa 12 na saa 6 za kizungu, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya habu. Ukibaki, mulika boljointi kwa tochi huku mtu anainua ami kwa mtaimbo, utaiona ikipanda na kushuka kwenye kiti chake. Ukishika tairi kulia na kushoto likacheza, hiyo ni tairodi endi au reki, yaani vifaa vya usukani.

Mlio wa kukwaruza au "twang!" unapozungusha usukani sehemu ya kuegesha huwa ni beringi ya juu ya shokapu. Gusa springi kwa kiganja wakati mwenzako anazungusha: kama beringi imekwama, springi itajivuta kisha iruke. Vidole visiingie katikati ya mizunguko ya springi, tafadhali.

(Mwenye RAV4 ya kizazi cha 3 aongeze kitu kimoja. "Klak" inayosikika karibu na miguu ya dereva wakati wa kugeuza kwa mwendo mdogo mara nyingi ni shafti ya kati ya usukani. Hata ubadilishe mbele yote, itabaki.)

Zamani sisi tunaokwenda Sengerema na Geita tulikuwa na kipimo cha bure pale kivukoni Kigongo: ile sahani ya chuma ya kupandia, unaipanda mwendo wa kutembea, tairi moja baada ya jingine, na kila kilicholegea kinajitaja. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari linateleza juu ya ziwa bila kuulizwa chochote. Kwa anayetaka kipimo kile bado kuna kivuko cha Kamanga.

Tuliyoyakuta kwa shemeji ni haya: linki zote mbili zimelegea. Bushi ya nyuma ya ami ya kushoto imechanika kutoka upande mmoja hadi mwingine. Boljointi ya kushoto inacheza. Bushi ya kulia ina nyufa nyembamba za juujuu tu, na hizo si kosa, mpira wowote wa umri huo unazo. Shokapu zote mbili kavu na gari halinesi. Maana yake nusu ya ile karatasi ndefu haikuhitajika, na ile ofa ya rahisi ilikuwa inatoa shokapu nzima kuweka zisizojulikana.

Ami: njia tatu

Hapa ndipo penye uchaguzi wa kweli, kwa sababu bushi iliyochanika inaweza kutibiwa kwa njia tatu na zote zinapatikana Mwanza.

Ya kwanza ni kubakiza ami yako na kupiga presi bushi mpya, yaani kuisukuma ndani ya ami kwa mashine. Ami ya chuma haizeeki kama haijapinda, haijapasuka na haijaliwa na kutu. Kinachozeeka ni mpira. Ukipata bushi yenye jina la kuaminika, gari lako linarudi karibu na lilivyotoka kiwandani kwa gharama ndogo kuliko ami nzima. Ubaya wake uko kwa fundi. Bushi ya nyuma ya ami ina upande wake: ina matundu au alama ambazo lazima zielekee kama zilivyokuwa, na akizigeuza, mpira utabeba mzigo mahali usipotakiwa. Lazima itumike mashine ya presi, si nyundo na kipande cha bomba. Ukisikia fundi anataka kuipiga pointi za welding ili isitoke, ujue tundu limeshatanuka au bushi siyo yenyewe. Moto ule unaunguza mpira hapohapo. Na ile bushi ya kuchonga kwa tairi la lori, ambayo wazee wetu walifikia nayo Bunda na kurudi, ni ya kukufikisha nyumbani. Mpira wa tairi umetengenezwa kusagwa na lami. Haukuundwa kufanya kazi ya bushi.

Ya pili ni ami nzima mpya, inakuja na bushi zake. Faida yake kubwa ni muda. Fundi anafungua, anafunga, hakuna presi, hakuna mpira uliogeuzwa. Kwenye gari ambalo boljointi imejengwa ndani ya ami, kama X-Trail, njia hii inakuwa na nguvu zaidi, kwani unapata bushi mbili na boljointi kwa mkupuo. Kwenye Harrier boljointi ni kifaa cha peke yake kilichofungwa kwa bolti na nati, kwa hiyo hoja hiyo inapungua. Angalizo ni kwamba "mpya" si ubora. Ami mpya ya jina lisilojulikana inaweza kuwa na bushi laini mno ambayo itachanika kabla ya ile ya mtumba. Nikiwa na fedha ya ami ya jina la ovyo tu, napendelea kupiga presi bushi nzuri kwenye ami yangu ya zamani.

Ya tatu ni ami ya mtumba. Niseme wazi kwamba siichukii mitumba. Vioo, milango, taa, hata injini, Mwanza tunaendesha kwa mitumba na mambo yanakwenda. Lakini kwenye ami unanunua vitu viwili, chuma na mpira, na mpira wa mtumba una umri wa gari ulikotoka. Kukaa stoo hakuusimamishi kuzeeka. Nilifanya kosa hilo mwenyewe, kwa gari langu la kwanza. Nilichukua ami mbili za mtumba zilizooshwa vizuri na kupakwa rangi nyeusi, zikang'aa. Miezi 3 mlio ukarudi, na fedha ya ufundi nikailipa tena. Rangi ile nyeusi sasa ndiyo inayonitia shaka: naikwangua kwa ufunguo nione kutu, kwa sababu magari ya sehemu zenye theluji Japani hupita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi, na chuma chao huliwa kwa chini. Mahali pamoja ambapo mtumba unashinda ni pale ami yako imepinda kwa kugonga jiwe, na mpya haipatikani au huiwezi. Chukua ya mtumba iliyonyooka, halafu piga presi bushi mpya ndani yake kabla haijafungwa. Hapo umenunua chuma tu, na chuma ni kizuri.

Zipo pia bushi za plastiki ngumu, nyekundu au za bluu, vijana wanazipenda. Hudumu, lakini hupeleka kila jiwe la Mabatini moja kwa moja kwenye mgongo wa bibi aliyekaa nyuma, na zikikosa grisi yake hulia kwii-kwii. Gari la familia liziache.

Shokapu, linki na boljointi

Shokapu za mtumba sizishauri kwa gari la watoto. Ndani mna mafuta na sili ambazo huwezi kuziona, na shokapu inaweza kuwa kavu nje huku ndani imelegea. Kama huna njia nyingine, iminye kwa mkono ikiwa imesimama wima: isukume mpaka chini mara kadhaa, usikie ukinzani ule ule mwendo mzima. Pakiwa na sehemu inayoingia bure, irudishe kwa mwenyewe. Ya gesi inatakiwa kupanda yenyewe polepole. Shokapu mpya hubadilishwa mbilimbili kwa ekseli moja, na siku hiyo hiyo weka beringi na mipira ya juu mipya, kwani fundi ameshaibana springi na kazi ni ileile. Kayaba, yaani KYB, ni ya Japani na imekuwa ikitengenezea viwanda vya magari vyenyewe. Kwa boljointi na tairodi endi jina la 555, la Japani pia, linajulikana kwa mafundi wengi. Ila jina linalouzika ndilo linaloigwa. Linganisha maandishi ya kwenye boksi na yaliyogongwa kwenye chuma, na ununue kwa muuzaji ambaye kesho utamkuta palepale.

Linki ni kitu cha bei ndogo, ya jina la kati inatosha, na ikilegea tena haikuui. Boljointi ni kinyume: hapa sibani hata shilingi. Mtumba hapana, ya jina nisilolijua hapana, na ile ya "kuongezea grisi kwa sindano" hapana, maana grisi haijazi chuma kilicholika. Ikichanika kofia yake ya mpira, maji na mchanga vimeshaingia, hesabu siku.

Kulia kwii-kwii kwa bushi za stabilaiza asubuhi ya baridi kunaweza kusubiri. Mwagia maji ya sabuni: ukinyamaza kwa muda, umezipata. Usimwagie oili wala dizeli, mpira wa asili unavimba na kulainika. Grisi ya silikoni haiudhuru.

Bolti inakazwa wapi

Hili nalipa aya yake kwa sababu linaamua kama bushi ya presi itakaa miaka au miezi, na halionekani kwenye karatasi ya bei. Bushi ya mpira ya kawaida haizunguki kama beringi. Bomba lake la ndani linabanwa na bolti, la nje linashikwa na ami, na mpira katikati unajipinda. Fundi akikaza bolti za ami huku gari liko kwenye jeki na tairi linaning'inia, ami imeelekea chini, mpira unabanwa katika hali hiyo. Ukilishusha gari, ami inapanda na mpira unabaki umejipinda siku zote, hata usiku gari limeegeshwa. Kisha shimo la kwanza linaongeza pindo juu ya pindo. Bushi mpya inachanika, na lawama inaangukia duka la spea.

Namna ya sawa ni kuzishika bolti kwa mkono au spana kidogo, kulishusha gari likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe, fundi akiwa ndani ya shimo. Kama hakuna shimo, jeki ya pili inawekwa chini ya ami na kuinuliwa mpaka bodi inaanza kubebwa, kisha anakaza. Nikichagua kati ya gereji mbili, naliuliza swali hili tu: "Bolti za ami mnakaza gari likiwa juu au chini?" Aliyenijibu vizuri alinijibu kwa kunitazama kama mtu aliyeulizwa kama anaosha mikono kabla ya kula.

Swali hilo nililipeleka kwenye zile gereji mbili za shemeji. Ile ya bei kubwa wakasema juu, ni rahisi. Ile ya mtumba, yule fundi kijana akasema chini, na akaonyesha presi yake nyuma ya banda. Kazi tukampa yeye, lakini kwa orodha yetu.

Hesabu

Ufundi wa kufungua na kufunga, pamoja na alaimenti, unaulipia kwa kila njia. Tofauti iko kwenye kifaa na kwenye mara ngapi utarudi. Tuseme, na hizi ni namba za kufanyia hesabu tu, ufundi na alaimenti ni 70,000. Ami ya mtumba 60,000, jumla 130,000. Bushi nzuri na presi 90,000, jumla 160,000. Ami mpya ya jina zuri 200,000, jumla 270,000. Mtumba unaonekana umeshinda. Lakini ukirudi mara moja tu ndani ya mwaka, umefika 260,000, na bado ndani ya gari kuna mpira mzee. Weka bei halisi za siku hiyo kwenye mpangilio huo, utaona bushi ya presi inashinda mara nyingi kwenye Harrier yenye ami iliyonyooka, na ami nzima ikiisogelea kwenye X-Trail au pale upande mmoja wa gari ambako bolti ya ami haitoki mpaka injini inyanyuliwe, kama ilivyo kwa baadhi ya Toyota. Huko hutaki kurudi mara mbili.

Alaimenti usiiruke. Bushi mpya inarudisha gurudumu mahali pake, na mahali pake si pale alaimenti ya mwisho ilipolikuta. Kwa hiyo panga kazi zote za mbele zifanyike kabla yake, ulipie mara moja.

Fedha isipotosha vyote, na mara nyingi haitoshi, mimi naanza na boljointi, kisha bushi ya ami, kisha shokapu kama kweli zimekufa, linki za mwisho. Ni kinyume kabisa cha kelele: chenye kelele nyingi ndicho chenye hatari ndogo.

Shemeji mwezi ule alikuwa na fedha ya boljointi na bushi ya kushoto tu. Tukafanya hizo, na alaimenti. Linki zikaendelea ko-ko-ko mpaka mshahara uliofuata. Mtoto wake wa mwisho, ambaye hulala kila wakitoka mjini, alikuwa anaamka kwa mlio huo na kuanza kutafuta viatu, akijua wamefika Isamilo.